Pata Mji Kabla ya Kazi

Hotuba kwa wauguzi wageni mjini Mombasa, imewekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Karibuni mkae. Naona wengine mmetoka moja kwa moja kuzunguka mahospitalini, bahasha za vyeti mkononi, jasho halijakauka. Viti vya mbele havina mwenyewe, sogeeni. Wenzetu waliokwama feri watatukuta tukiendelea.

Nimeombwa niwaeleze jinsi ya kupata kazi ya uuguzi Mombasa. Nitaeleza bila kuficha. Ila nitaanza na mji kwanza, kazi baadaye, na sababu ni hii. Miaka yote niliyokaa wodini hapa Pwani nimewaona manesi hodari, watu wenye mikono ya kuupata mshipa wa mtoto njiti kwa mchomo mmoja, wakifunga virago kurudi bara kabla kazi haijawafikia. Uuguzi waliuweza. Kilichowashinda ni kodi, joto, maji na upweke. Na nimewaona wengine, vyeti vilevile, chuo kilekile, wako hapa mpaka leo. Walifanya nini? Walikaa. Tangu wiki ya kwanza waliishi Mombasa kama watu wa Mombasa, wana kazi hawana kazi. Wale wenzao walikuwa wakingoja barua ya ajira ndipo waanze kuishi, na barua inachelewa, jamani. Barua inachelewa sana.

Pata mji kwanza. Nitalirudia hili mpaka mchoke.

Tuanze na chumba. Mgeni akishuka Miritini kwa treni, au Mwembe Tayari kwa basi, huuliza nini? Wapi kodi ni ya chini. Ataambiwa Mtwapa, ataambiwa Mishomoroni, Magongo, Likoni. Kote huko watu wanaishi vizuri. Lakini kumbukeni mji wenyewe ni kisiwa, na milango yake ni ya kuhesabu: kaskazini kuna daraja la Nyali, upande wa bara kuna Makupa, kusini kuna feri. Watu wote wa mji huu hupita hapo, asubuhi na jioni, pamoja na malori ya bandarini.

Kuna binti mmoja alipanga Mtwapa. Chumba kizuri, bei nzuri, upepo wa bahari. Akapata zamu za usiku Likoni. Hebu mwandameni na safari yake. Ripoti ya zamu ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Yeye anatoka nyumbani saa tisa. Matatu ya kwanza inamleta mpaka mjini, ikikwama Kongowea, ikikwama tena darajani. Matatu ya pili inampeleka feri. Anateremka ule mteremko na umati, anasimama jua likimpiga usoni, anavuka, anapanda ng'ambo. Asubuhi anaachiwa saa moja na nusu, anaanza safari hiyohiyo kinyumenyume, anafika kitandani karibu saa nne, wakati mabati yameshaanza kuwaka. Analala saa ngapi? Anaamka saa ngapi? Baada ya miezi michache chati zake zikaanza kuwa na mapengo. Joto la mgonjwa halikuandikwa, dripu imekwisha hakuna aliyeona. Watu wakasema mvivu. Hakuwa mvivu hata kidogo, alikuwa hajalala. Alipohamia Likoni kwenyewe, chumba kimoja ndani ya nyumba ya Kiswahili, mwendo wa miguu mpaka wodini, chati zikarudi kuwa safi kama zamani.

Kwa hiyo, kama bado hujui kazi itakuwa upande gani, usijifunge mbali. Tafuta chumba hata kidogo kisiwani, Majengo, Tudor, Tononoka. Kutoka huko unafika kwa miguu Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado wanaiita Makadara, na ukiitwa Changamwe, Kisauni au Likoni una kivuko kimoja tu mbele yako. Kazi ikishapatikana, hama uifuate.

Na unapokagua chumba, tafadhali, usikikague asubuhi. Asubuhi kila chumba Mombasa kina baridi. Nenda saa tisa mchana. Ingia, funga mlango, kaa robo saa. Jua la alasiri linapiga ukuta gani? Juu kuna dari, au ni bati tupu? Dirisha linapata upepo? Nesi wa zamu ya usiku hulala mchana, na mchana wa Januari mpaka Machi, kabla masika hayajafika, bati lile halikuonei huruma. Pangaboi linasaidia, lakini upepo wa bahari ukiingia dirishani unasaidia zaidi, na hauna bili ya umeme.

Halafu uliza maji. Usione haya, uliza. Maji ya kisima hapa mara nyingi ni ya chumvi: utaogea, utafulia kwa shida maana sabuni haitoi povu vizuri na sare nyeupe inakakamaa. Maji matamu utanunua kwa mtungi wa lita 20, yanaletwa mlangoni kwa mkokoteni. Mjue yule kijana wa mkokoteni kwa jina, siku mifereji imekauka mtaa mzima ndiyo utajua thamani yake.

Sasa, ninyi ni wauguzi, fikirini mbele kidogo. Mji unaoweka maji ndani ya mapipa na mitungi unafuga nini? Unafuga mbu. Na mbu huyu si yule wa malaria anayeuma usiku. Huyu huzaliana kwenye maji yaliyohifadhiwa nyumbani na huuma mchana. Ndiye aliyetuletea homa ya dengi mwaka 2013, na mwishoni mwa mwaka 2017 akatuletea chikungunya, watu wakawa wanaingia hospitali wameinama kwa maumivu ya viungo. Ukiishi uswahilini ukaona pipa lisilo na kifuniko kwenye ua wako, umeshajua jambo ambalo mwenzako aliyesoma darasani tu atalijua akiwa amechelewa. Mgonjwa akija na homa kali, macho yanauma kwa ndani, kipimo cha malaria hakina kitu, wewe utauliza habari ya mapipa. Na utamzuia asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla dengi haijaondolewa kwenye hesabu, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Paracetamoli na maji mengi, na kumtazama kwa karibu. Mnaona? Bado hamjaajiriwa, na tayari mnaifanya kazi.

Funika na pipa lako mwenyewe.

Tuje kwenye karatasi. Hapa nitakuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya isife mikononi mwako. Ukiwa huna mshahara utashawishika kusema nitaihuisha nikipata kazi. Hapana. Nafasi za haraka, zile za "anatakiwa nesi leo usiku", haziwezi kumngoja mwenye leseni iliyokufa. Alama za mafunzo zinazotakiwa ili kuihuisha zinapatikana, hospitali nyingi zina vipindi vya masomo kwa wauguzi, ingia, keti, saini. Chanjo ya homa ya ini aina ya B: dozi ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu baada ya miezi sita. Miezi sita! Ukianza siku utakayoajiriwa utachomwa na sindano ya mgonjwa kabla hujamaliza. Anza wiki hii. Cheti cha polisi cha tabia njema nacho kinataka alama za vidole na subira, kiombe mapema.

Tangu mwaka 2013 hospitali za umma nyingi ziko chini ya kaunti, na kila kaunti ina bodi yake ya utumishi wa umma inayotangaza nafasi zake. Mgeni anakodolea macho Mombasa peke yake, na kumbe Kwale iko ng'ambo ya feri na Kilifi inaanzia pale pale Mtwapa. Mariakani ni Kilifi. Msambweni ni Kwale. Hizo ni bodi nyingine, matangazo mengine, na foleni nyingine ya waombaji. Hospitali za watu binafsi na za mashirika, kama Aga Khan, Pandya, Mombasa Hospital, Bomu, kila moja ina mlango wake na utaratibu wake, ulizeni ofisini.

Na mkipeleka barua kwa mkono, nendeni saa nne au saa tano. Saa moja na nusu asubuhi msimamizi wa wauguzi anapokea ripoti ya usiku, saa tatu madaktari wanazunguka wodi. Ukija wakati huo, bahasha yako itawekwa juu ya faili la mtu na haitaonekana tena.

Je, kuna kazi inayouzwa? Nauliza kwa sababu najua kati yenu kuna aliyeombwa pesa. Pesa ya fomu, pesa ya mahojiano, pesa ya mkubwa. Bodi ya kaunti haiuzi fomu kwa namba ya simu ya mtu. Anayekuomba pesa ili akupe kazi hana kazi ya kukupa. Usitume. Hata kama amekutajia jina la daktari mkuu, usitume.

Sasa kuhusu lokamu, yaani zamu za muda za kujazia pengo la nesi. Lokamu ni nzuri, mimi naipenda: unalipwa kwa zamu, mikono haipoi, unajulikana. Lakini uliza kabla: wodi gani, wagonjwa wangapi, nani analipa, analipa lini. Usisaini dawa ambayo hukuitoa kwa mkono wako. Na kuna jambo moja nataka mnisikilize vizuri sana.

Dada mmoja alifanya lokamu ya siku chache katika zahanati fulani. Wakamwomba nakala ya leseni, akatoa, ni kawaida. Akaondoka, akapata kazi kwingine. Siku moja akapita mtaa ule, akaingia kusalimia. Akaiona leseni yake ukutani, ndani ya fremu, kioo kinang'aa. Jina lake, namba yake. Na ndani ya chumba cha sindano kuna mtu mwingine kabisa, hajasomea uuguzi, anachoma watoto. Mnaelewa maana yake? Mtoto angedhurika pale, jina la kwanza kutafutwa lingekuwa la dada yule. Aliishusha yeye mwenyewe siku hiyohiyo, na akaandika barua kwa Baraza kueleza. Alifanya sawasawa. Kila nakala unayotoa, iandike juu yake kwa kalamu: imetolewa kwa nani, kwa shughuli gani, tarehe gani. Ukiondoka, idai.

Ukipata mkataba, usome wote kabla ya kusaini, hata kama aliyekupa amesimama anakungoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema muda wa majaribio usizidi miezi sita, na ukiongezwa ni kwa makubaliano yako. Nawajua watu waliokaa "majaribio" mpaka wakasahau wanajaribiwa nini.

Nimalizie na jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Watu.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi ndio wageni tuliokuja kwa kazi hiyo hasa. Mwenyeji ataponaje mikononi mwa mgeni asiyemjua?

Mzee wa Kibokoni, kule Mji wa Kale, humwambii "kuja hapa". Unamwamkia shikamoo, unamwambia karibu baba, kisha ndipo unamshika mkono kupima presha. Mama aliyejisitiri kwa buibui, wewe kaka nesi, hodi kabla ya kufungua pazia, na umuulize kama angependa dada akuchukulie nafasi. Bibi kutoka Kinango au Ganze pengine Kiswahili chake ni kichache. Jifunze salamu ya Kiduruma na ya Kigiriama, ni maneno machache tu, na uone uso wake utakavyobadilika. Mama akikuambia mtoto huyu mifupa inamuuma tangu mdogo, usimpuuze, ugonjwa wa selimundu, ule wengi wanaouita sikoseli, uko sana kwetu Pwani.

Na Ramadhani isikukute hujajiandaa. Mgonjwa wa sukari atafunga, wewe ukijua usijue. Muulize mwezi mmoja kabla: baba, unakusudia kufunga? Hapo ndipo daktari anaweza kupanga upya dawa zake kwa futari na daku. Insulini haikisiwi. Na mweleze kwa heshima kwamba akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, afungue hapohapo. Dini yake yenyewe imemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Akiona vigumu kulikubali kutoka kwako, imamu wake atamwambia vizuri zaidi.

Niwape kisa kimoja, nilikiona kwa macho yangu. Alikuja kijana kwa lokamu katika wodi niliyokuwa nasimamia. Mtu wa bara, Mkristo, mpole. Alikuwa amepanga Majengo, na kwa kuwa hakuwa na kazi, jioni alikuwa akikaa barazani na wazee wa mtaa, anasikiliza. Alfajiri moja mzee akafariki katika zamu yake. Nje kuna mjane na wana wawili. Kijana hakupiga mbio wala hakujificha. Alifumba macho ya marehemu, akafunga kidevu kwa bendeji, akatoa mirija, akanyoosha miguu, akamfunika. Kisha akatoka, akaketi karibu na mama yule, chini kidogo yake, akasema pole mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Akauliza: mngependa alazwe akielekea kibla? Kijana mkubwa akaanza kulia.

Na daktari alikuwa ameshaitwa. Fomu ya taarifa ya kifo ilikuwa mezani, majina yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho, ili kibali cha mazishi kisikwame kwa herufi moja. Mama yule alisema maneno haya tu: "Mwanangu, twataka kumsitiri Adhuhuri." Wakamsitiri Adhuhuri. Nimeona familia zikikaa mpaka jioni mlangoni kwa sababu ya fomu ambayo mtu alisema ataijaza akimaliza chai, na machozi yao yakageuka hasira, nao walikuwa na haki.

Nani alimfundisha kijana yule? Chuoni alifundishwa kuhudumia maiti, ndiyo. Lakini haraka ile, na lile swali la kibla, aliyapata barazani, katika miezi ambayo wenzake walikuwa wakisema wamekaa bure. Nafasi ya mkataba ilipopatikana, jina lake ndilo nililolipeleka mbele. Sitawadanganya kwamba huwa hivyo kila mara. Nimewajua waliofanya vizuri vilevile na nafasi ikaenda kwa mwingine, na liliniuma, linaniuma bado. Lakini lile alilolifanya alfajiri ile lilikuwa na thamani yake hata kama nisingekuwepo kuliona.

Upweke sitauzungumza sana, kila mmoja ana wa kwake. Salimia majirani, ingia chama cha akina mama au cha vijana mtaani, ibada yako usiiache, na asubuhi ukiwa na pesa kidogo kula mahamri kwa mbaazi pale wanapokaa watu, usijifungie chumbani na simu. Utajulikana upesi kuwa wewe ni nesi. Watakuja kupimwa presha: wapime, waandikie, wasindikize zahanati. Watakuja pia na sindano na chupa ya dripu wakitaka uwawekee nyumbani. Kataa kwa upole, na kataa kila mara, hata kwa mwenye nyumba. Mwambie twende wote hospitali, na uende naye kweli.

Nimesema mengi na joto ni kali. Wenye leseni zilizokwisha muda, njooni kwanza, kaeni na mimi meza hii ya dirishani tuangalie kinachokosekana. Waliokuja na mikataba ambayo hawajaisaini, wapeni wenzangu wawili pale nyuma waisome pamoja nanyi. Na wale wanaotafuta chumba, andikeni majina kwenye daftari linalopita, pamoja na upande mnaotafuta kazi. Kuna mama hapa ana vyumba viwili Tudor, vina dari, na maji ameniambia anapata siku tatu kwa wiki. Nendeni mkavione saa tisa.

Haya, maswali. Dada wa kilemba cha kijani, anza wewe.